Mwami Mwezi Gisabo na nyumba iliyogawanyika

Katika toleo hili tunawaletea kwa ufupi maisha ya Mwami Mwezi Gisabo, aliyetawala Burundi kwa zaidi ya miaka 50. Hapa Makebuko jina lake linatajwa sana, lakini vijana wetu wengi hawajui yaliyompata.

Gisabo alikuwa mwana wa Mwami Ntare Rugamba. Baba yake alipofariki, karibu na mwaka 1850, yeye alikuwa bado mdogo, kwa hiyo kaka yake Ndivyariye alishika mambo ya utawala kwa niaba yake. Mtoto alipokua, kaka hakupenda kuachia madaraka, na vita vikazuka kati yao. Gisabo alishinda. Tangu hapo Baganwa, yaani watu wa ukoo wa kifalme, waligawanyika: Batare upande mmoja, na Bezi, wana wa Mwezi, upande wa pili. Mwami alizidi kuwapa wanawe majimbo, na Batare wakazidi kuweka kinyongo.

Maadui wa nje hawakumweza. Katika miaka ya 1880 Rumaliza, mfanyabiashara wa watumwa aliyekaa Ujiji, alijaribu kuingia Burundi akarudishwa. Kilichomla Gisabo kilikuwa nguoni mwake. Maconco, aliyemwoa binti yake, alimwasi. Kilima, aliyejidai kuwa wa damu ya Ntare, alishika sehemu ya kaskazini-magharibi. Wajerumani walipotaka kumtiisha Mwami, hao wawili wakajiunga nao. Mwaka 1903 Kapteni von Beringe alimpiga Gisabo kwa bunduki, na watu wa nchi wakamwongoza njia.

Tarehe 6 Juni 1903, huko Kiganda, mzee huyo alikubali mapatano ya aibu. Alitambua utawala wa Wajerumani, akatozwa ng'ombe 424, na Maconco na Kilima wakahesabiwa kuwa watawala wasio chini yake.

Je, waasi walifaidi? Hawakufaidi kwa muda mrefu. Gavana von Götzen hakupendezwa na kazi ya Beringe, kwa sababu nchi iliyovunjika vipande ni ngumu kuitawala. Afisa mwingine, von Grawert, aligeuza mambo. Mwaka 1905 Wajerumani walimtambua Gisabo kuwa Mwami wa Burundi yote, na mwaka huohuo Maconco aliuawa na walewale aliowakaribisha.

Tunaosoma Agano Jipya tunaifahamu siasa hiyo. Herode aliitwa mfalme, lakini ufalme wake ulitoka Roma. Mwanawe Arkelao alipotawala vibaya, Kaisari Augusto alimwondoa mwaka wa 6 na kumpeleka uhamishoni. Anayepewa kiti na mgeni hukikalia kwa muda anaotaka mgeni.

Lakini tusidhani kwamba Gisabo alipona kabisa. Alirudishiwa nchi, ila sasa alikuwa chini ya mkono wa wengine. Alifariki Agosti 1908, akamwachia ufalme mwanawe Mutaga, kijana mdogo, na wakubwa wa ukoo wakaanza tena kuvutana. Ugomvi wa Bezi na Batare haukuzikwa pamoja naye. Tarehe 13 Oktoba 1961 kitukuu chake, Waziri Mkuu Louis Rwagasore, alipigwa risasi mjini Usumbura. Kati ya waliohukumiwa kwa mauaji hayo walikuwamo wana wawili wa Baranyanka, mkuu mashuhuri wa Batare. Mwaka 1966 ufalme wenyewe ukaondolewa.

Ndugu zetu, sisi tuliolala nje na watoto tunajua gharama ya ugomvi wa wakubwa. Hao hugombania kiti, na wanaofunga mizigo usiku ni watu ambao hawakukitaka kamwe. Basi tunapokuwa na neno kati yetu, katika familia au katika kamati zetu, tulimalize mapema ndani ya nyumba, kabla mmoja hajatoka kumwita jirani mwenye nguvu aje kuamua.