Anne Bradstreet na Diwani Iliyochapishwa Bila Idhini Yake

Mnamo mwaka wa 1650 ilitokea jijini London diwani ya mashairi yenye jina refu, kama ilivyokuwa desturi ya vitabu vya karne ile. Wayunani wa kale waliamini kuwa miungu wa kike tisa ndio walioongoza sanaa, na jina la diwani hiyo, The Tenth Muse Lately Sprung Up in America, lilidai kwamba wa kumi alikuwa amechipuka Marekani. Ukurasa wa kwanza haukumtaja mtunzi ila kwa kusema kuwa ni mwanamke mwungwana wa pande hizo. Mwanamke mwenyewe alikuwa ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, katika kijiji cha Andover, koloni ya Massachusetts, akilea watoto saba na bila habari yoyote kwamba kazi yake ilikuwa imefika kiwandani. Hakuwa ameombwa idhini. Aliyeuchukua mswada alikuwa shemeji yake.

Ili kuelewa uzito wa kitendo hicho, sharti kwanza ieleweke jamaa aliyozaliwa Anne na jamaa aliyoolewa, kwa kuwa maisha yake yote yalipita kati ya wanaume waliotawala koloni hiyo.

Alizaliwa Northampton, Uingereza, mwaka wa 1612. Babake, Thomas Dudley, alikuwa msimamizi wa mali ya kabaila wa Lincoln, Theophilus Clinton, na katika makao ya kabaila huyo binti alipata jambo ambalo wasichana wengi wa enzi yake hawakulipata, yaani maktaba kubwa na mzazi aliyemruhusu kuitumia. Alisoma historia, tauhidi na ushairi. Alivutiwa mno na Mfaransa Du Bartas, aliyemfahamu kupitia tafsiri ya Kiingereza ya Joshua Sylvester. Jamaa ya Dudley ilikuwa ya Wapuritani, Waprotestanti walioshikilia kwamba Kanisa la Uingereza lilikuwa halijajitakasa vya kutosha kutokana na ibada na vyeo vya Kikatoliki. Katika nyumba hiyo hiyo ya kabaila alikuja kijana Simon Bradstreet, mwana wa mhubiri, aliyesomea Emmanuel College, Cambridge, akawa msaidizi wa Dudley. Anne aliugua ndui akiwa na umri wa miaka 16 hivi. Alipopona, mwaka ule ule wa 1628, aliolewa na Simon, aliyemzidi umri kwa miaka minane au tisa.

Miaka miwili baadaye jamaa yote iling'oa nanga. Machi na Aprili 1630 msafara ulioongozwa na John Winthrop ulianza safari ya kwenda Massachusetts, ukiwa na merikebu 11 na watu wapatao 700. Anne, mumewe na wazazi wake walipanda merikebu kuu, Arbella, iliyopewa jina la dadake kabaila wa Lincoln, ambaye naye alikuwa miongoni mwa abiria. Walitia nanga Salem mwezi wa Juni. Waliyoyakuta hayakufanana na waliyoahidiwa: walowezi waliotangulia walikuwa wamedhoofika kwa njaa na maradhi, na kabla ya mwaka kwisha wageni wapatao 200 walikuwa wamekufa. Bi. Arbella alikuwa mmoja wao. Alifariki majuma machache tu baada ya kuwasili, na mumewe akamfuata. Katika barua ndefu aliyomwandikia mkewe kabaila mapema mwaka wa 1631, Dudley alieleza kuwa hakuwa na meza, hivyo aliandika akiwa ameweka karatasi juu ya goti kando ya moto. Huyu alikuwa naibu wa gavana. Hali ya raia wa kawaida inaweza kukisiwa.

Miaka mingi baadaye Anne aliwaeleza watoto wake kwamba alipoiona nchi hiyo mpya na mienendo yake moyo wake uliasi, kisha akajilazimisha kukubali kwamba hayo ndiyo mapenzi ya Mungu. Wahakiki wengi wamelirudia ungamo hilo, na wana haki, kwani linaufichua mvutano uliomo katika ushairi wake wote. Hata hivyo, isisahaulike kwamba alikubali kweli. Hakuwa mwasi aliyejivika vazi la mcha Mungu.

Jamaa haikutulia mahali pamoja. Walikaa Charlestown kwa muda, wakahamia Newtowne, mji ambao baadaye uliitwa Cambridge, wakaenda Ipswich katikati ya miaka ya 1630, na mwisho Andover katikati ya miaka ya 1640. Ardhi ya Andover ilikuwa ya wenyeji. Mnamo 1646 mtemi Cutshamache alithibitisha mbele ya mahakama ya koloni kuwa ameiuza kwa pauni sita na koti moja. Aliyemkabidhi malipo hayo alikuwa John Woodbridge, mchungaji wa kijiji, mume wa Mercy, dadake Anne. Katika mashairi ya Anne wenyeji hao karibu hawaonekani kabisa. Mtunzi aliyeimba kwa kina juu ya wafalme wa Ashuru na Uajemi hakupata beti za kutosha kwa watu ambao shamba lake lilikuwa lao, na kasoro hiyo haifai kufunikwa kwa sifa.

Alikuwa mgonjwa mara kwa mara. Shairi lake la mapema zaidi linalojulikana, la mwaka wa 1632, linahusu maradhi, akiwa na miaka 19. Alikawia kupata mtoto, jambo lililomliza na kumfanya aombe sana, hadi alipozaliwa Samuel. Kisha wakafuata Dorothy, Sarah, Simon, Hannah, Mercy, Dudley na, mnamo 1652, John. Wavulana wanne na wasichana wanne, na wote wanane walifikia utu uzima, jambo la nadra katika karne ile. Mumewe alikuwa mara nyingi Boston au mbali zaidi kwa shughuli za serikali, na usiku, nyumba ikishalala, mama huyu alikuwa akiandika.

Kuandika kwa mwanamke hakukuwa jambo jepesi. Mnamo 1637 Anne Hutchinson, aliyekuwa akiwakusanya watu nyumbani kwake Boston na kuwafafanulia mahubiri, alishtakiwa na kuamriwa kuondoka katika koloni. Dudley, kama naibu wa gavana, alikuwa miongoni mwa waliomhoji kwa ukali, na Simon Bradstreet pia alikuwa mjumbe wa mahakama hiyo. Mwaka wa 1645 Winthrop aliandika katika shajara yake kuhusu mke wa gavana wa Hartford aliyepoteza akili, akaeleza kwamba chanzo kilikuwa kusoma na kuandika kupita kiasi badala ya kushughulika na mambo ya nyumbani yanayowafaa wanawake. Pigo likafika hata ndani ya jamaa: Sarah Dudley, mdogo wake Anne, alipatwa na shutuma kwa kuhubiri hadharani, ndoa yake ikavunjwa, na mwaka wa 1647 akatengwa na kanisa la Boston. Anne aliyaona hayo yote akiwa na mswada sandukuni.

Naam, alichokuwa nacho mwaka huo kilikuwa kazi kubwa. Kulikuwa na tungo ndefu juu ya elementi nne, hali nne za mwili, rika nne za maisha na majira manne ya mwaka, kisha masimulizi ya dola nne za kale, pamoja na mjadala baina ya Uingereza na New England uliochochewa na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza 1642. Katika utangulizi wake alijibu kwa kejeli ya chini kwa chini wale waliosema kwamba mkono wake ulifaa sindano kuliko kalamu. Nakala zilisomwa na jamaa na marafiki tu.

Woodbridge alikwenda Uingereza mwaka wa 1647, na nakala akaenda nayo. Diwani ilipotoka 1650 aliitangulizia maneno ya kumkinga shemeji yake: kwamba ni mwanamke mcha Mungu, mwenye heshima na bidii, na kwamba saa alizoandika alizipunguza katika usingizi wake, si katika kazi za nyumba. Aliungama pia kuwa amechapisha bila mtunzi kujua. Wapo wanaoshuku kwamba Anne hakuwa mjinga wa mpango huo, kwa kuwa kuchapishwa bila hiari kulikuwa ngao nzuri kwa mwanamke wa wakati huo. Dhana hiyo haina ushahidi wa kutosha, na shairi alilolitunga baadaye kukihutubia kitabu chake linaipinga. Humo anakifananisha na mtoto dhaifu aliyenyakuliwa kutoka ubavuni mwake na kutembezwa hadharani akiwa na matambara, makosa ya mpiga chapa yakimwongezea aibu, na mama asiweze kumkana wala kumsafisha akasafika. Mtu aliyefurahia hila hangeudhika hivyo kwa makosa ya chapa. Alianza kuisahihisha diwani hiyo na kuipanua.

Baada ya 1650 ushairi wake ulibadilika. Babake, aliyechaguliwa kuwa gavana mara nne, alifariki 1653. Mamake alikuwa ametangulia 1643, na Anne aliwaandikia wote wawili maombolezo. Dola za kale zilimwishia hamu. Akageukia waliokuwa karibu naye: mume aliye safarini, ujauzito na hofu ya kufa katika uzazi, watoto wanane aliowaona kama ndege waliokua kiotani na kuruka mmoja mmoja. Kwa ajili yao aliweka daftari dogo lenye barua ya kusomwa baada ya kifo chake, na mwaka wa 1664 akamwandikia mwanawe Simon mawaidha mafupi 77 ya dini na maisha. Msomaji wa Utendi wa Mwana Kupona hatakuwa mgeni wa hali hii, ya mama mgonjwa anayemwachia mwana maneno kwa kuwa hana hakika ya siku zake.

Usiku wa Julai 10, 1666, nyumba yao ya Andover iliteketea. Vitabu na maandishi mengi yalichomwa, ikiwamo sehemu iliyobaki ya utungo wake juu ya dola za kale, ambayo hakuimaliza tena. Shairi alilolitunga kuhusu moto huo linapita katika majivu chumba kwa chumba, mahali palipokuwa sanduku, meza, kiti, kabla ya mshairi kujikemea kwa kupenda vitu vya dunia. Kukemea huko kunakuja kwa kuchelewa, na huenda ndiko kunakolifanya shairi liaminike.

Misiba zaidi ilifuatana katika nyumba ya Samuel. Binti yake Elizabeth alikuwa amefariki Agosti 1665 akiwa na mwaka mmoja na nusu. Juni 1669 akafa Anne, aliyepewa jina la nyanya yake, akiwa na miaka mitatu na miezi saba. Novemba mwaka huo huo akafa Simon, mtoto wa mwezi mmoja na siku moja. Septemba 1670 mama yao, Mercy, akafa akiwa na miaka 28, mumewe akiwa mbali. Nyanya aliwaandikia kila mmoja. Katika lile la mtoto Simon, unyenyekevu mbele ya Mungu unatamkwa kwa ukavu kiasi kwamba wahakiki wengi wamesikia humo uchungu ambao Mpuritani hakuruhusiwa kuutaja.

Binti yake Dorothy alifariki mapema mwaka wa 1672. Anne mwenyewe alikuwa amekonda, mkono wake mmoja ukiwa na kidonda kibaya. Mwanamke aliyemuuguza aliposema hajawahi kuona mkono wa namna hiyo, alijibiwa kwamba mkono huo ungekuja kuwa wa utukufu. Alifariki Septemba 16, 1672. Simon, mwanawe, alikuwa mchungaji New London na hakuwahi kufika. Aliandika kwa majuto kwamba kwa kutokuwapo alikosa nafasi ya kuyahifadhi maneno ya mwisho ya mamake.

Mume aliishi miaka 25 zaidi. Alioa tena 1676, akawa gavana kuanzia 1679 hadi 1686 na tena kuanzia 1689 hadi 1692, akafa Salem mwaka wa 1697. Mnamo 1678 diwani ilitolewa upya Boston ikiwa na masahihisho ya mtunzi. Waliotayarisha toleo hilo waliongeza mashairi waliyoyakuta katika karatasi zake, yakiwamo yale ya mumewe na ya wajukuu, huku wakikiri kwamba hakukusudia yaonwe na umma. Kwa mara ya pili, basi, alichapishwa bila ruhusa, na hayo ndiyo mashairi ambayo yamemdumishia jina.

Lile la moto halikuwamo. Lilikuwa katika karatasi moja isiyoshonwa popote. Simon, mwanawe, alilinakili katika daftari la mamake, daftari likarithishwa kizazi kwa kizazi, na shairi likapigwa chapa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1867.