Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo

Wako wengi wasomao sana na kukumbuka kidogo. Mtu husoma sura nzima usiku, na asubuhi akiulizwa yaliyomo hushika mawili matatu tu. Kwa ajili ya hao twaleta habari za Mtoro bin Mwinyi Bakari, Mwislamu wa pwani aliyejulikana hata Ulaya, maana kwa njia aliyosomeshwa tangu utoto twaweza kujifunza neno.

Alizaliwa karibu na mwaka 1869 katika kijiji cha Dunda, jirani na Bagamoyo. Ukitoka Bagamoyo kwenda kusini, mwendo wa saa moja hivi kwa miguu, wafika Kaole, mji wa kale ambao sasa ni magofu ya misikiti na makaburi. Msikiti ulio mkongwe hudhaniwa kuwa wa karne ya 13. Pwani hiyo watu walikuwa wakisoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya mitambo ya kupigia chapa kufika.

Walakini vitabu vilikuwa haba. Mtoto wa chuoni alipewa ubao. Somo likaandikwa juu yake kwa wino, naye akalisoma kwa sauti, akalirudia tena na tena, kisha akaenda kulisoma mbele ya mwalimu. Alipolijua, ubao ulioshwa, likaandikwa somo jingine. Msomaji na aliangalie sana neno hili la kuosha ubao. Sisi twaweka kitabu rafuni tukijua kwamba kesho kitakuwapo, na kwa hiyo moyo hulegea. Mtoto yule alijua kwamba wino ukiisha kwenda na maji, somo halina mahali pa kukaa ila kichwani mwake.

Hatusemi kwamba desturi hiyo haikuwa na upungufu. Wengi walishika sauti za Kiarabu wasijue maana, na kushika maneno pasipo maana ni nusu ya kazi, pengine chini ya nusu. Mtoro hakukomea hapo. Aliendelea kusoma elimu ya dini yake kwa wanazuoni wa Bagamoyo, hata akahesabiwa kuwa mtu mwenye elimu.

Baadaye alifanya kazi ya serikali ya Wadachi, ya kukusanya kodi, na mwaka 1900 akaenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Katika mji huo huo Hermann Ebbinghaus alikuwa amefundisha hata mwaka 1894. Mtaalamu huyu alijipima mwenyewe kwa kujifunza safu za silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akatoa kitabu juu ya kumbukumbu. Aliona kwamba baada ya saa moja tu zaidi ya nusu ya kazi aliyoifanya ilikuwa imepotea. Tena aliona kwamba kurudia mara 38, akizigawanya kwa siku tatu, kulimfaa sawa na kurudia mara 68 kwa siku moja. Watoto wa ubao hawakuwa na hesabu hizo, lakini walirudi kwa somo lao kila siku.

Mwaka 1903 kilitoka kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten mjini Göttingen, na mwandishi wake mkuu alikuwa Mtoro. Ndani yake zimo habari za kuzaa, za chuo, za arusi, za ugonjwa na za maziko, katika Kiswahili cha watu wenyewe. Twadhani hakuna kitabu cha wakati ule kinachotuonyesha pwani vizuri zaidi.

Mwaka 1904 alimwoa mwanamke Mdachi, Bertha Hilske. Katika seminari wanafunzi wengine hawakumpa heshima impasayo mwalimu. Ugomvi ukatokea, naye akatoka kazini mwaka 1905. Akasafiri na mkewe kurudi kwao, lakini wakuu wa koloni hawakuwaruhusu kushuka pwani pamoja. Nchi iko mbele ya macho yake, naye hana budi kuchagua nchi au mke. Akarudi Ulaya na mkewe.

Tangu hapo alikula kwa yale aliyoyabeba kichwani. Alifundisha Kiswahili Hamburg pamoja na Carl Meinhof, kisha akarudi Berlin, akawa akitoa hotuba juu ya nchi yake mbele ya watu ambao hawakuiona kamwe. Alifariki Berlin mwaka 1927, asiketi tena Bagamoyo. Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kiingereza na J. W. T. Allen, kikatolewa Marekani mwaka 1981, na wanaotaka kujua jinsi watoto wa pwani walivyosoma zamani zile hukifungua mpaka leo.