Semei Kakungulu: Jemadari Aliyejisalimisha kwa Torati

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba ahadi ni deni. Methali hii hutajwa kila siku katika mabaraza ya wazee, katika ofisi za machifu na katika soko la Cheptais, ambako mkulima na mchuuzi hupimiana mahindi kwa gorogoro huku kila mmoja akimchunga mwenzake kwa jicho la pembeni. Hata hivyo, ni wachache ambao maisha yao yaligeuzwa na methali hiyo kama yalivyogeuzwa maisha ya Semei Kakungulu, jemadari wa Buganda aliyeiasisi jumuiya ya Wayahudi wa Uganda, wale wajulikanao kama Abayudaya. Makala haya yanadhamiria kuyasimulia maisha yake kwa kuzingatia swali moja: ilikuwaje mtu aliyeinuliwa na upanga akaishia kuikumbatia sheria inayomwamuru mwenye nguvu amlipe kibarua ujira wake kabla ya jua kutua?

Huenda msomaji akauliza Kakungulu anatuhusu nini sisi wa upande huu wa mpaka. Jibu ni mlima. Cheptais imekaa ubavuni mwa Mlima Elgon upande wa Kenya. Ukiteremka hadi Lwakhakha unavuka mpaka, na safari ikiendelea unafika Mbale, mji uliochipuka mikononi mwa Kakungulu. Ikumbukwe kwamba mpaka huo ni mgeni kuliko watu wanaouvuka. Hadi mwaka 1902 magharibi ya Kenya ya leo ilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Himaya ya Uganda. Wasabaoti na Wasebei ni ndugu, nao Wabukusu na Wagisu huhesabiana udugu tangu jadi. Kwa hivyo, yaliyotendeka Mbale si hadithi ya ng'ambo.

Ujana wake

Semei Lwakilenzi Kakungulu alizaliwa mnamo mwaka 1869 na kukulia Kooki, ufalme mdogo uliokuwa kusini-magharibi mwa Buganda. Akiwa kijana aliingia Buganda katika miaka ya 1880, akajipatia sifa ya ushujaa na uwindaji wa ndovu, na akamtumikia Kabaka Mwanga. Katika miaka hiyo hiyo aliipokea dini ya Kikristo kwa Waprotestanti. Hapa pana jambo ambalo mpenzi wa Kiswahili hawezi kulipita kimya. Mmisionari aliyemfundisha kusoma alimfundisha Biblia kwa Kiswahili, kwani wakati huo Maandiko yalikuwa bado kutafsiriwa kikamilifu kwa Kiganda. Naam, lugha yetu ndiyo iliyomfungulia Kakungulu mlango wa kitabu ambacho, miaka thelathini baadaye, kingemtenga na kanisa lenyewe.

Vita vya kidini vilipozuka Buganda mnamo mwaka 1888, Wakristo walifukuzwa mjini, na Kakungulu akawa miongoni mwa majemadari waliopigana hadi wakarudi. Ushindi ulimletea vyeo, lakini pia ulimletea mpinzani. Apolo Kagwa, Mprotestanti mwenzake, alikuwa Katikiro, yaani waziri mkuu wa Buganda. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Kakungulu akaelekea mashariki, kwanza Bugerere, kisha ng'ambo ya Mto Nile.

Vita na ahadi

Waingereza walimhitaji mtu wa namna yake, naye aliwahitaji wao. Mnamo Aprili 1899 majeshi yake, yakiwa pamoja na ya Kanali Evatt, yaliwakamata Mwanga, kabaka aliyepata kumtumikia, na Kabalega wa Bunyoro, wakiwa wamejificha katika nchi ya Walango. Baada ya hapo alisonga mashariki, akajenga ngome Budaka, akaeneza utawala wake miongoni mwa Wateso, Wagwere na watu wengine wa nchi ambayo Waganda waliiita Bukedi. Alifungua barabara na kupanda miti kando yake. Aidha, aliwagawia wafuasi wake Waganda madaraka juu ya watu ambao hawakuwaalika.

Hatuna budi kusema wazi kwamba ushindi huo ulikuwa na wenyewe walioulipia. Ng'ombe walitekwa, mashamba yalichukuliwa, na wazee waliozoea kuamua mambo yao barazani wakajikuta wakiamuliwa na mgeni. Kwa Wagisu walioishi kwenye miteremko ya mlima, Kakungulu hakuja kama mjenzi wa mji bali kama mshindi.

Malipo aliyoyatarajia kwa kazi hiyo ni kutawala. Sir Harry Johnston, aliyekuja kuwa Kamishna Maalumu wa Uganda, alipokutana naye, Kakungulu aliondoka akiamini kwamba amekubaliwa kuwa Kabaka wa Bukedi. Tofauti yake na Kagwa inadhihirika hapa. Machifu wa Buganda waliwekewa haki zao katika Mkataba wa mwaka 1900, ardhi yao ikahesabiwa maili kwa maili. Kakungulu, aliyekuwa vitani mashariki, alibaki na maneno ya mdomo na maana aliyoyapa maneno hayo. Waingereza hawakumpa ufalme. Kufikia mwaka 1902 walikuwa wamemwondoa Budaka na kumpa maili 20 za mraba Mbale. Huko nako alianza upya, akajenga, watu wakamiminika, pakawa mji. Mji ulipostawi, serikali ikauweka chini ya maafisa wake, na mwaka 1906 Kakungulu akahamishiwa Busoga kuwa mkuu wa baraza la machifu. Aliporejea Mbale mwaka 1913, alikuwa chifu mmoja tu kati ya machifu.

Hakuwa yeye peke yake aliyeguswa na ahadi za ardhi zama hizo. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilijitolea kuwapa Wayahudi wa Ulaya makazi katika uwanda wa Uasin Gishu, mashariki ya mlima huu, ingawa uwanda huo haukuwa mtupu. Wajumbe wa Wazayuni walifika kuukagua, na mwaka 1905 mkutano wao mkuu ukakataa. Wayahudi wa Ulaya hawakuja. Miaka michache baadaye Uyahudi ukachipuka upande wa pili wa mlima, tena bila kuletwa na yeyote.

Kutoka kanisani hadi Torati

Mtu aliyevunjwa moyo na watawala mara nyingi hutafuta neno lisilobadilika. Kakungulu alijiunga na Bamalaki, madhehebu yaliyoanzishwa Buganda mwaka 1914, ambayo yaliiadhimisha Sabato na kuyakataa madawa ya hospitali. Msimamo huo ulimgonganisha na serikali, iliyotaka watu na mifugo wachanjwe. Mwaka 1917 alihamia Gangama, chini ya mlima, akazama katika kusoma.

Kadiri alivyosoma ndivyo alivyoshikamana na vitabu vitano vya Musa. Alihoji kwa nini Wazungu waliomletea kitabu hawakuitunza Sabato iliyoamriwa humo. Mwaka 1919 aliamua kwamba tohara nayo ni amri. Bamalaki wakamwonya kwamba hilo ni jambo la Wayahudi. Akajibu kwamba kama ni hivyo, basi yeye ni Myahudi. Akatahiriwa yeye na wanawe, nao wafuasi wake wakafuata. Mwaka 1922 alichapisha kitabu cha kurasa zipatazo 90 chenye kanuni na sala za jumuiya yake. Mwaka 1926 alikutana na Myahudi aliyejulikana kwa jina la Yusufu, ambaye alikaa naye kwa muda wa miezi sita hivi akimfundisha kalenda, sikukuu, baraka za mlo na uchinjaji. Mambo ya Kikristo yaliyokuwa yamesalia katika ibada yao yakaachwa.

Sheria ya sokoni na shambani

Watu wengi wanaposikia Torati hufikiria Sabato, tohara na vyakula. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya sheria hiyo inahusu mambo ambayo chifu wa Cheptais huyasikiliza kila wiki. Ng'ombe akimpiga pembe ng'ombe wa jirani, nani alipe? Sheria ya Musa inatofautisha ng'ombe aliyetenda hivyo kwa mara ya kwanza na yule ambaye mwenyewe amekwisha kuonywa kwamba ni mkali. Wa kwanza hasara inagawanywa, wa pili mwenyewe hulipa kamili. Mtu akichimba shimo akaliacha wazi, mnyama atakayetumbukia ni deni la mchimbaji. Mwizi akipatikana na ng'ombe aliye hai hurudisha wawili; akiwa amemchinja au kumuuza, hurudisha watano.

Isitoshe, sheria hiyo inaingia mpaka kwenye mfuko wa mnunuzi. Haitoshi kwamba mfanyabiashara asipunje. Inamkataza hata kumiliki vipimo viwili, kikubwa cha kununulia na kidogo cha kuuzia. Aliyebonyeza kitako cha gorogoro amekwisha kuvunja sheria kabla ya mteja kufika. Mdai haruhusiwi kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, maana hilo ni kuchukua uhai wa nyumba. Na akichukua nguo ya maskini, sharti airudishe usiku unapoingia. Ndugu hatozwi riba. Jiwe la mpaka halisogezwi. Hakimu hapokei hongo, wala hampendelei tajiri kwa utajiri wake au maskini kwa umaskini wake.

Juu ya msingi huo walimu wa Kiyahudi walijenga elimu pana ya madai, ubia, amana na fidia. Musa bin Maimun, aliyezaliwa Cordoba mwaka 1138 na kufariki Misri mwaka 1204, aliipanga katika vitabu 14, na vinne vya mwisho vinahusu madhara, mali, madai na mahakama. Elimu hiyo haikumfikia Kakungulu. Yeye alikuwa na maandishi ya Musa pekee, na maandishi hayo yalimtosha kugeuza maisha yake.

Deni la jemadari

Hapa ndipo maisha ya Kakungulu yanapotuletea ugumu ambao haufai kufichwa. Kwa sheria hii angeweza kuwashtaki Waingereza: walimtuma kazi, akaifanya, ujira wakaupunguza. Lakini jiwe la mpaka linaloizuia serikali linamzuia jemadari pia. Mgisu aliyepoteza shamba mbele ya askari wa Kakungulu angeweza kusimama katika baraza lilo hilo, na kitabu kile kile, akamdai. Walimu wa Kiyahudi wameweka wazi kwamba siku ya toba husafisha makosa baina ya mtu na Mola wake, bali kosa baina ya mtu na mwenzake halisafishwi mpaka aliyekosewa aridhishwe. Sala haimlipii mtu ng'ombe aliyetekwa.

Je, Kakungulu alilitambua deni hilo? Tunachokiona ni mwenendo wake. Mtu aliyeusaka ufalme kwa zaidi ya miaka kumi aliutumia muongo wake wa mwisho miguuni pa mlima akifundisha sheria isiyomtofautisha mfalme na mchunga mbuzi. Hilo ni badiliko kubwa, ila halifuti swali la wale waliopoteza. Mwandishi wa maisha yake anayemsifu tu, na yule anayemlaani tu, wote wawili wamesoma nusu ya hati ya madai.

Kifo na urithi wake

Kakungulu alifariki tarehe 24 Novemba 1928. Jumuiya yake ilidumu chini ya walimu aliowaacha, miongoni mwao Samson Mugombe. Utawala wa Idi Amin ulipopiga marufuku ibada yao, masinagogi yalifungwa, wengi wakahamia dini nyingine, na marufuku ilipoondoka mwaka 1979 waliosalia walikuwa mamia machache tu. Walijikusanya upya, na mwaka 2008 Gershom Sizomu akatawazwa kuwa rabi baada ya masomo Marekani.

Kwa mintarafu ya mada yetu, urithi ulio muhimu zaidi ulipatikana kwenye mashamba ya kahawa. Mwaka 2004 J. J. Keki, mmoja wa Abayudaya, aliwaendea majirani zake Wakristo na Waislamu, wakaunda ushirika wa Mirembe Kawomera, maana yake amani tamu, ili wauze kahawa yao pamoja kwa bei ya haki. Walengwa wa kwanza wa ushirika huo walikuwa wakulima wa vilima vya Mbale, wakiwamo wazawa wa nchi iliyotekwa. Mizani ikawa moja kwa wote.

Hitimisho

Tumeona kwamba maisha ya Kakungulu yalianza kwa upanga, yakapitia ahadi isiyotimizwa, yakatulia katika sheria. Somo lake linatugusa sisi tunaokaa upande wa mashariki wa mlima. Mgogoro wa ugawaji wa ardhi katika mpango wa makazi wa Chepyuk, ulioanza mwaka 1971, ulizaa vita vya miaka ya 2006 hadi 2008, na Cheptais ikazika watu wake. Humo pia zilikuwamo ahadi zilizotolewa na kubatilishwa, mipaka iliyosogezwa, na watu waliodai haki yao kwa kuwanyima wengine yao. Sheria aliyoisoma Kakungulu inatudai mambo mawili kwa pamoja: tudai tulichoahidiwa, na tulipe tulichochukua. Jambo la kwanza tunalijua sana. La pili ndilo ambalo wazee wetu, machifu wetu na sisi wasomi hatuna budi kulifundisha barazani, sokoni na mashambani, kabla upanga haujaitwa tena kuamua.