Garry Winogrand: lenzi pana ilimlazimisha kusogelea watu

Mpiga picha Mmarekani Garry Winogrand alifariki tarehe 19 mwezi wa tatu 1984 huko Tijuana, inchini Meksiko, alikokwenda kutafuta matibabu ya kansa. Alikuwa na umri wa miaka 56. Aliacha filamu karibu 2.500 ambazo hazijasafishwa.

Alizaliwa tarehe 14 mwezi wa kwanza 1928 katika mtaa wa Bronx, mjini New York, katika jamaa ya Wayahudi waliotoka Ulaya. Baba yake alikuwa fundi wa ngozi, mama alishona tai. Baada ya kutumika jeshini, alisomea uchoraji katika Chuo Kikuu cha Columbia. Huko alizoea chumba cha giza cha kusafishia picha, na uchoraji akauacha.

Katika miaka ya 1960 alitembea kila siku barabarani na kamera ndogo ya Leica, ile ya telemetri: mpiga picha anatazama kupitia kidirisha cha pembeni, si kupitia lenzi. Wenzake wengi walipenda lenzi ya milimita 50 au 35. Yeye alishikamana na ya 28, inayoona pembe ya digrii 75 hivi, wakati ile ya 50 inaona 47 tu.

Lenzi hiyo ilimpa haraka. Ukipanga umbali mapema na kupunguza tundu la mwanga, vitu vya karibu na vya mbali vyote vinaonekana wazi. Lakini ina bei yake: mtu aliye mbali anakuwa mdogo sana katika picha. Winogrand alipaswa kusimama hatua chache tu kutoka kwa watu asiowajua. Alijaribu pia ya 21, hakudumu nayo; lenzi pana namna hiyo inavuta nyuso zilizo pembeni.

Mwaka 1967 picha zake zilionyeshwa katika jumba la sanaa za kisasa la New York, pamoja na za Diane Arbus na Lee Friedlander, naye akajulikana sana.

Mwaka 1978 alihamia Los Angeles. Huko alipiga picha nyingi akiwa ndani ya gari, watu wakiwa mbali. Filamu zake ziliposafishwa baada ya kifo, John Szarkowski, aliyekuwa amemtetea kwa miaka mingi, aliona kwamba nyingi zilikuwa zimepoteza nguvu.

Leo, anayenunua lenzi kwa ajili ya Leica ya dijitali anaanza na hesabu. Kwenye M8 ya mwaka 2006, ambayo kihisi chake ni kidogo kuliko filamu, inahitajika ya 21 ili kuona kama Winogrand. Kwenye M9 ya 2009, ya 28 inatosha. Hatua za kumsogelea mtu hazijabadilika.