Rudolf Diesel na Moshi Aliotuachia

Hivi majuzi nilipita katika gereji anakofanya kazi mwanafunzi wangu wa zamani. Nilimkuta ameinama nyuma ya lori linalonguruma, milango ya banda imefungwa kwa sababu ya mvua, naye anakohoa. Aliniambia kwamba kikohozi ni sehemu ya kazi yake. Nilirudi nyumbani nikimfikiria mtu ambaye jina lake hutajwa kila siku katika vituo vya mafuta, lakini maisha yake hayajulikani na wengi.

Rudolf Diesel alizaliwa mjini Paris mwaka wa 1858, wazazi wake wakiwa Wajerumani wa Bavaria. Vita vya Ufaransa na Prussia vilipozuka mwaka wa 1870, jamaa yake ililazimika kukimbilia London. Kutoka huko, mvulana huyo wa miaka 12 alipelekwa kwa watu wa ukoo wake Augsburg ili asome. Hatimaye alifika katika chuo cha ufundi cha Munich, alikofundishwa na Carl von Linde, bingwa wa mitambo ya barafu, ambaye baadaye alimwajiri.

Zama hizo injini ya mvuke ndiyo iliyotawala viwandani. Ilikuwa kubwa na ghali, tena ilipoteza sehemu kubwa ya joto la makaa. Mafundi wadogo hawakuweza kuimiliki, na Diesel alitamani kuwapa chombo cha kuwawezesha kushindana na matajiri. Alibuni injini inayoshindilia hewa mpaka ipate joto la kuwasha mafuta bila cheche. Alipewa hataza ya uvumbuzi huo mwaka wa 1893. Mwaka wa 1897, injini yake iliweza kugeuza takriban asilimia 26 ya joto la mafuta kuwa kazi, jambo ambalo injini za mvuke za wakati huo hazikulikaribia.

Mwaka wa 1903 alichapisha kitabu kiitwacho Solidarismus, akipendekeza wafanyakazi waunganishe akiba zao na kumiliki viwanda vyao wenyewe. Kitabu hicho hakikupata wanunuzi wengi. Afya yake ilizorota na madeni yakamwelemea. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 alitoweka katika meli ya Dresden iliyokuwa ikitoka Antwerp kwenda Uingereza. Maiti yake ilionekana baharini siku kadhaa baadaye.

Hivyo ndivyo alivyokufa mtu aliyemjali mfanyakazi. Hakujua kwamba injini yake ingemdhuru mfanyakazi huyo huyo. Mwaka wa 2012, baada ya uchunguzi uliohusisha wachimba migodi, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani ya mapafu. Mwaka wa 1988 lilikuwa limesema tu kwamba yamkini husababisha.

Je, tumlaumu Diesel? La hasha! Lawama ni zetu sisi tunaoyajua haya na kunyamaza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri wa Kenya kulinda afya ya anaowaajiri. Kinga zenyewe si miujiza: injini izimwe isipohitajika, milango ifunguliwe, bomba liunganishwe kwenye ekzosi ili kupeleka moshi nje, injini zitunzwe zisitoe masizi. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii gesi wala chembe ndogo zinazopenya hadi ndani ya mapafu.

Nasi walimu tuna deni. Tunawafundisha vijana jinsi injini inavyofanya kazi, tukasahau kuwafundisha jinsi ya kujikinga nayo. Nitarudi katika gereji ile kumwambia kijana wangu kwamba alinipa jibu lisilo sahihi. Kikohozi si sehemu ya kazi.