Rachel Carson: mwanamke aliyeuliza mara ya pili

Mwezi wa ine mwaka wa 1960, mji wetu wa Likasi ulikuwa bado unaitwa Jadotville, na watu walikuwa wanahesabu siku za kufikia uhuru. Mwezi ule ule, mbali sana na siye, kule Washington, Marekani, mwanamke mmoja wa miaka 52 alikuwa amelala kitandani mwa hospitali. Waganga walikuwa wamemkata ziwa. Akauliza munganga wake kama ni kansa. Munganga akamjibu kwamba hapana, ni hali tu inayokaribia kansa, hakuna matunzo mengine ya kufuata. Kumbe haikuwa kweli.

Mwanamke huyo njo Rachel Carson. Leo tunawasimulia maisha yake, juu yanagusa wamama wengi wa hapa kwetu, pamoja na wababa wanaoishi nao.

Alizaliwa tarehe 27 mwezi wa tano 1907, katika Springdale, Pennsylvania. Alisoma elimu ya viumbe, akapata kazi ya serikali kwenye ofisi ya samaki. Hakuolewa, lakini mizigo ya nyumba haikumuepuka. Baba yake alikufa 1935. Mwaka wa 1937 dada yake naye akafa, akaacha wasichana wawili, na Rachel pamoja na mama yake wakawachukua. Kisha 1957 mmoja wa wale wasichana akafa, akaacha mtoto mwanaume wa miaka 5. Rachel, aliyekuwa anakaribia miaka 50, akamlea sawa mtoto wake wa kuzaa. Hii wamama wa Likasi hawahitaji kuelezwa, wanaijuaka.

Kitabu chake juu ya bahari, cha mwaka wa 1951, kilimpa jina kubwa hata akaacha kazi ya serikali ili aandike. Mwaka wa 1958 akaanza kitabu kingine, kigumu zaidi: juu ya dawa za kuua wadudu, zaidi ile ya DDT, ambayo ilikuwa inamwagwa kwa ndege juu ya mashamba na misitu, na ndege wa angani walikuwa wanakufa.

Katikati ya kazi hiyo, ugonjwa ukatokea. Mwaka wa 1950 alikuwa amekwisha kutolewa uvimbe katika ziwa, na waliambia kwamba si kitu. Kwa hiyo 1960, walipomkuta tena na uvimbe, hakuwaza kifo. Aliwaza atapona haraka, arudi kwa meza yake.

Wakati ule, katika Marekani, ilikuwa desturi ya waganga wengi kumwambia bwana ukweli wa kansa, na bibi kumpa neno jepesi. Rachel hakuwa na bwana. Basi ukweli haukupata mtu wa kuambiwa. Akarudi nyumbani, miezi ikapita bila matunzo.

Kuelekea mwisho wa mwaka ule, akagusa kitu kigumu kwenye mbavu, upande ule ule waliomkata. Hapo akafanya jambo ambalo lilibadilisha siku zake zote zilizobaki: alitafuta munganga wa pili. Aliandikia George Crile, mpasuaji wa Cleveland, ambaye alikuwa anamjua. Crile hakumzungusha. Alimweleza wazi kwamba ilikuwa kansa tangu mwanzo, na kwamba imekwisha kutembea mwilini. Habari ile ilimuumiza. Lakini sasa alijua anapigana na nini, na muda wake akaanza kuupanga mwenyewe.

Wakaanza kumchoma kwa mionzi. Hapa hadithi yake inakaribia mlango wetu. Siye watu wa Likasi tunajua Shinkolobwe. Tangu 1922, radiamu iliyotoka katika mawe ya Shinkolobwe ilisafishwa kule Ubelgiji, ikatumiwa na waganga kupigana na kansa. Mawe yale yale yalitoa uranium ya bomu la Hiroshima, 1945. Rachel alijua pande hizo mbili. Katika kitabu chake aliandika juu ya hatari ya vumbi la mabomu, na mwili wake ulikuwa unaomba msaada wa mionzi.

Peke yake hangefika. Dorothy Freeman, rafiki na jirani wa kule Maine ambako alikuwa anapitisha siku za joto, alipokea barua zake, hata zile za hofu. Macho yake yalipougua, hata hakuweza kusoma, msaidizi wake Jeanne Davis alimsomea kurasa kwa sauti, naye akasahihisha kwa kusikia. Viungo vilipovimba, alishindwa kutembea. Crile aliendelea kumshauri kwa ukweli. Na mwaka wa 1963, bibi ya Crile, Jane, alipokufa kwa kansa ile ile ya ziwa, Rachel, mgonjwa mwenyewe, alimwandikia munganga wake kumfariji.

Kitabu, Silent Spring, kilitoka tarehe 27 mwezi wa tisa 1962. Kampuni za dawa zilimshambulia sana. Yeye alifichaka ugonjwa wake mbele ya watu wengi, juu aliogopa maadui watasema ameandika kwa uchungu wa kansa yake. Alivaa nywele za bandia, na tarehe 4 mwezi wa sita 1963 akaenda kutoa ushahidi mbele ya maseneta. Wachache tu walijua alivyokuwa anaumia.

Alikufa tarehe 14 mwezi wa ine 1964, na miaka 56. Mwaka wa 1972 Marekani ilikataza DDT katika mashamba.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Rachel alificha mbele ya ulimwengu, lakini hakuficha mbele ya watu wake. Tofauti hiyo ni kubwa.

Mama, ukigusa uvimbe katika ziwa, hata kama hauumi. Ukiona ngozi imekunjamana sawa ganda la chungwa, chuchu imeingia ndani ao inatoa damu, usingoje. Uvimbe mwingi si kansa, lakini ni kipimo tu kinachoweza kusema. Enda na mtu wako: dada, rafiki, bwana. Uliza uambiwe kwa lugha unayosikia. Kama jibu halikutoshi, uliza tena, na kwa munganga mwingine kama inawezekana. Na wewe baba, bibi yako akirudi na habari mbaya, usimkimbie. Keti, umsikilize, halafu muulize leo tufanye nini.