Padre Angelo Secchi: Mtumishi wa Mungu Aliyepima Upepo Juu ya Paa la Kanisa

Kanisa limejaliwa mapadre waliomtumikia Mungu altareni na pia kwa kuchunguza kwa bidii kazi ya mikono yake. Mmoja wao ni Padre Angelo Secchi, Mjesuiti wa Italia, anayejulikana ulimwenguni kwa elimu ya nyota. Lakini alikuwa na kazi nyingine aliyoipenda vilevile: kuupima upepo usiku na mchana.

Alizaliwa Reggio Emilia mwezi Juni 1818, akajiunga na Shirika la Yesu mwaka 1833, na kupewa Daraja Takatifu ya Upadre mwaka 1847. Mwaka uliofuata, machafuko ya kisiasa yaliwaondoa Wajesuiti Roma. Padre Secchi alikwenda Uingereza, kisha Marekani, akafundisha katika Chuo cha Georgetown. Huko alifahamiana na Matthew Fontaine Maury, afisa wa jeshi la majini aliyekusanya habari za pepo na mikondo ya bahari kutoka katika daftari za manahodha. Elimu aliyoionja uhamishoni ilikuja kuzaa matunda nyumbani.

Mwaka 1849 alirudi Roma kuongoza kituo cha kuangalia nyota cha Chuo cha Wajesuiti. Baadaye alijenga kituo kipya juu ya paa la Kanisa la Mtakatifu Ignasi. Kanisa hilo lilikuwa na nguzo nene zilizokusudiwa kubeba kuba kubwa ambalo halikujengwa kamwe. Padre Secchi alitambua kwamba nguzo hizo zingebeba darubini zake bila kutikisika.

Upande wa hali ya hewa palikuwa na ugumu mmoja. Mtu anayesoma vipimo kwa macho hulala, huugua na huitwa kwenye kazi nyingine, ilhali dhoruba haimngojei mtu. Kwa hiyo Padre Secchi alibuni mashine ya kukesha badala yake, iliyoitwa meteorografu. Kwa kupima kasi ya upepo alitumia vikombe vinne vya nusu duara, kwa mfano uliobuniwa na Thomas Romney Robinson wa Ireland mwaka 1846. Upepo ulipovizungusha, mizunguko yake ilifunga na kufungua njia ya umeme. Umeme ulipita katika waya hadi kwenye mashine, na penseli ikaacha alama juu ya karatasi iliyosogezwa na saa. Mashine hiyohiyo iliandika mwelekeo wa upepo, joto, unyevu, mvua na kanieneo ya hewa. Hivyo kulipokucha, dhoruba ya usiku ilikuwa imekwisha kuandika habari zake yenyewe.

Mwaka 1867 meteorografu ilionyeshwa katika Maonyesho ya Kimataifa ya Paris, ikapata tuzo kubwa. Miaka miwili kabla, akiwa katika merikebu ya Papa, Padre Secchi alikuwa amezamisha kisahani cheupe baharini ili kupima ung'avu wa maji. Kisahani hicho bado kinaitwa kwa jina lake, na wataalamu hukitumia hata katika Ziwa Viktoria.

Jaribu kubwa lilikuja mwaka 1870, majeshi ya Italia yalipoitwaa Roma kutoka kwa Baba Mtakatifu Pio IX. Serikali mpya ilitaka kumpa Padre Secchi nafasi ya ualimu katika Chuo Kikuu cha Roma. Heshima hiyo aliikataa, kwa kuwa hakutaka kutengana na Papa na Shirika lake. Wala hakuiacha kazi yake. Aliendelea kuangalia nyota na kupima upepo, na serikali, ikitambua sifa zake, ilimwacha kituoni mpaka kifo chake tarehe 26 Februari 1878. Baada yake, kituo kikachukuliwa na dola.

Alikuwa amechunguza mwanga wa nyota zaidi ya 4,000 na kuzipanga katika makundi. Maisha yake yanatufundisha kwamba imani haiogopi kipimo, wala uaminifu kwa Kanisa haumzuii mtu kuutafuta ukweli wa viumbe. Tena yanatukumbusha, ndugu waamini, kwamba utumishi ni udumifu katika jambo dogo la kila siku, hata lile lisiloonekana na watu, kama upepo wa usiku.